Betri ya Bibi Harusi

Simu ya msiba wa Bosi Abdu ilinikuta njia panda ya Mingoyo, kwenye kibanda changu cha kuchaji betri, mkono mmoja una glovu na mwingine hauna. Aliyepiga ni mwanawe mkubwa. Akasema mazishi ni Kinjumbi, kesho baada ya adhuhuri, na kwamba marehemu aliacha neno, "Chande wa betri aambiwe." Nikaketi juu ya betri bovu la lori na, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa sura ya marehemu wala sauti yake, ilinijia harufu ya udi. Mke wangu aliniona nainuka, naliendea kopo la misumari, napapasa mpaka chini kabisa na kutoa kitaa cha kioo, balbu ya gari isiyozidi ukubwa wa punje ya korosho. "Unakwenda nacho?" akaniuliza. Nikamwambia nakwenda nacho. Hakuuliza tena, maana miaka yote ya ndoa yetu amenisikia nikisema kwamba kitaa hicho kilinifukuzisha kazi na kikanipa kazi asubuhi hiyohiyo moja, na kwamba mpaka leo sijaamua kama nikishukuru au nikilaumu.

Mwaka wenyewe sisi tuliuita mwaka wa ruksa, ingawa ruksa ilikuwa imeanza kitambo, ila Kilwa Masoko ilichelewa kufika kama kila kitu kilivyochelewa kuvuka Rufiji. Ghafla sabuni zikawa na harufu. Madukani kukajaa kaseti, biskuti za maboksi, vitambaa vya kila rangi, na watu wakawa wanaingia dukani kutazama tu, bila kununua, kama wanaotembelea wagonjwa waliopona. Wafanyabiashara waliruhusiwa kununua korosho wenyewe, na mmoja wao alikuwa Bosi Abdu, mwenye ghala la vitambaa, ambaye mimi nilikuwa utingo kwenye lori lake. Msimu wake wa kwanza ulipokwenda vizuri, wenzake walijenga, wengine wakaongeza mke. Yeye akaagiza gari. Hakutaka pikapu. Aliagiza gari la kifahari, rangi ya maziwa, lililotumika kidogo kwa wenyewe Ujapani, likashuka bandarini Dar es Salaam likinukia upya ambao nilikuwa sijawahi kuunusa. Mimi, darasa la saba na leseni ambayo wino wake haujakauka, ndiye niliyechaguliwa kwenda naye kulichukua, na kuanzia siku ile nikawa dereva wa shati jeupe. Vioo vilipanda kwa kidole. Milango yote minne ilijifunga kwa pamoja, tak, kama watu wanaoitikia amina. Na ukigeuza ufunguo, mwanamke alisema maneno ndani ya dashibodi, taratibu, kwa adabu, lugha asiyoijua mtu yeyote kuanzia Kariakoo mpaka kwetu. Bosi mara ya kwanza alishtuka, kisha akamjibu, "Na wewe pia, mama." Tulipofika kivuko cha Ndundu watu walishuka kwenye malori yao kuja kumsikiliza. Nilikuwa na miaka ishirini, na niliamini kabisa kwamba maisha yangu yote yangekuwa hivyo: mimi, usukani, na sauti ya mtu mstaarabu nisiyemwelewa.

Nyumba ya Bosi ilikuwa na sebule ambayo hakuna aliyekaa. Makochi yalikuwa bado na nailoni yake, na ukiketi unanata, ukiinuka inalia. Maisha yalikuwa uani, na hasa kwenye chumba cha mwisho cha uani alimokaa mama yake, Bibi Somoe, aliyeletwa kutoka Kinjumbi bila kuulizwa sana. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, mafungu ya ukili yamening'inia ukutani yakisubiri kusukwa mikeka, na koroboi iliyowaka kila siku kuanzia magharibi mpaka alfajiri, jenereta liwepo lisiwepo. Alikuwa haliwezi giza, na hakuona haya kulisema. Mimi si mjukuu wake wa damu, lakini alianza kuniita mume wangu tangu wiki ya kwanza, kama bibi wa kwetu anavyomtania mjukuu, na mchana nikishakabidhi gari nilikula kwake. "Mume wangu umekonda, hilo gari linakunyonya." Nami namjibu, "Mke mwenyewe hunipikii." Basi anacheka, ananisukumia bakuli la muhogo wa nazi na vipande vya pweza, na kusimama pale mpaka nimalize, akinihesabia matonge kwa macho.

Siku moja, muhogo ukiwa bado wa moto, alifunga mlango na kutoa chini ya kitanda furushi limefungwa kwa kanga kuukuu. Ndani mlikuwa na bafta nyeupe, imekunjwa vizuri, na katikati ya mikunjo vijiti vya udi na kichupa cha marashi. Nilijua ni nini, nikajivuta nyuma. "Usiogope," akasema, "hajafa mtu, ni yangu." Halafu akanisimulia. Mumewe alikufa kwenye miaka ile ya shida, nguo hakuna, kipande cha kitambaa mpaka kibali, na kibali mpaka mtu aende Kivinje, na maiti haisubiri. Alizikwa na shuka mbili za kuazima na kipande cha pazia. "Pazia lenyewe lina maua, Chande. Maua mekundu. Nilimwona mume wangu anaingia kaburini kama anakwenda ngomani." Alicheka, na machozi yalikuwa yanashuka. Kwa hiyo nguo ziliporudi madukani, kitu cha kwanza alichonunua kwa jasho lake la ukili kilikuwa sanda. Bosi alipoiona alihamaki. Uchuro huo, mama, mimi naingiza neema ndani ya nyumba, wewe unaingiza sanda? Akaichukua, akaipeleka kwa fundi cherehani, ikarudi foronya. "Nikawa nalalia sanda yangu kila siku, nayo imetariziwa ndege." Hii ilikuwa ya pili. Na akili yake juu ya mahali pa kuiweka ilikuwa imekwisha kukamilika: "Nikifia hapa, gari lile ndilo litakalonipeleka Kinjumbi. Nikifia njiani, ndilo hilohilo. Basi na litangulie humo, linisubiri. Abdu haingii kwenye buti. Anachojua ni kiti cha nyuma. Niapie hutamwambia." Nikaapa. Ningekataaje? Jioni hiyo nikiosha gari nililegeza zulia la ubavuni ndani ya buti, karibu na bawaba, nikalisokomeza furushi nyuma yake. Halikutaka kuenea. Nikalisukuma kwa kiganja mpaka kitu kikalia, tk, nikadhani ni kibanio cha zulia kimekaa sawa, nikafurahi.

Baada ya siku tatu nilitia ufunguo asubuhi, na gari likanyamaza. Si kwamba lilikohoa. Lilinyamaza, hata yule mwanamke hakusema kitu. Bosi alikuwa keshakaa nyuma na kanzu yake, anawahi Kivinje. Vijana wa sokoni wakaja mbio, kila mmoja ana ushauri. "Sukuma!" Wakasukuma mpaka msikitini. "Tia gia!" "Halina gia ya kutia!" "Basi geuza turudi!" Wakasukuma tena kuelekea walikotoka, jasho linawatiririka, Bosi bado yumo ndani anapunga mkono kama anayeagwa. Hakuna aliyejua kwamba gari la namna ile, linalojibadilishia gia lenyewe, hata ulisukume mpaka Lindi haliwaki. Aliyetuambia ni Fundi Lukasi, Mmakonde wa kutoka Newala aliyekuwa na banda la betri nyuma ya soko. Alikuja na baiskeli, betri lenye chaji limefungwa kwenye kerieri kwa mpira, anapiga mluzi wa nyimbo za kanisani kwake. "Mnasukuma nini jamani, jeneza? Huyu ni bibi harusi. Bibi harusi hasukumwi. Anapewa kipamkono, zawadi yake, ndipo anafumbua macho." Akaunganisha waya mbili kutoka kwenye betri lake, nikageuza ufunguo, na yule mwanamke akaamka na sentensi yake. Watu wakapiga vigelegele. Kuanzia hapo Masoko nzima ililiita gari letu Bibi Harusi, na kuanzia hapo Bibi Harusi akawa anadai kipamkono kila baada ya siku mbili.

Nikikumbuka miezi ile naona jinsi mtu anavyoweza kushika nusu ya jibu mkononi na bado akapotea. Fundi Lukasi alipima kila kitu. Chaji inaingia vizuri. Maji ya betri yapo. Bosi akaagiza betri jipya kutoka Dar es Salaam, likaja kwenye boksi lake na mkanda wake, na baada ya siku mbili likawa limekufa kama kaka yake. Na juu ya hayo yote, harufu. Kila asubuhi nilipofungua mlango, Bibi Harusi alinukia udi, udi mzito wa joto, kama chumba kilichofukizwa usiku kucha. Wapita njia walinusa, wakatazamana. Udi, sauti ya mwanamke, gari linalokufa likipumzika na kufufuka likihudumiwa: watu hawakuhitaji kufikiri sana. "Mna mgeni humo ndani," jirani mmoja alimwambia Bosi, "na mgeni mwenyewe anapenda manukato." Bosi akacheka, lakini Ijumaa iliyofuata nikaona mwalimu wa madrasa ameletwa, dua zikasomwa kuzunguka gari, ubani ukafukizwa kwenye kila mlango, na harufu ikazidi. Mimi nimesimama pale nimeinua mikono, naitikia amina, nikijua kabisa udi unatoka wapi, nimekifunga kinywa changu kwa kiapo, na wala akilini haikunipitia kujiuliza kwa nini udi uliolala kwenye kitambaa uwe na moto. Nilidhani ni joto la jua tu. Harufu niliijua, betri sikuijua, na sikuwahi kuziweka bega kwa bega.

Halafu Bosi akaikuta kaseti. Ilikuwa yangu, ya dansi, niliisahau kwenye redio. Ni kweli nilikuwa naisikiliza nikiosha gari asubuhi, wimbo mmoja, mara nyingine miwili. Hakunigombeza. Aliiinua tu, akaitazama pande zote mbili, akaniuliza, "Chande, ukilala wewe, gari hili linalala?" Nikasema linalala, Bosi, ufunguo si unalala kwako? "Ufunguo unalala kwangu. Lakini nasikia mjini humu wasichana wanalijua gari langu kuliko ninavyolijua mimi." Watu walikuwa wamemjaza maneno kwamba nina ufunguo wa wizi, kwamba nafungulia muziki watu wanacheza. Nilikataa, na nilikuwa sisemi uongo, lakini nikienda kulala nilianza kujitilia shaka mwenyewe. Labda wimbo mmoja unatosha kuua betri. Labda naamka usingizini. Hata chakula cha Bibi Somoe kikawa hakishuki. "Mume wangu, una mke mwingine?" ananiuliza. "Nina bibi harusi, Bibi, anataka kuniua." Tunacheka wote wawili, na wote wawili tumekaa juu ya jawabu.

Ikafika asubuhi ambayo mnunuzi mkubwa wa korosho alikuwa anashuka kwa ndege ndogo kwenye uwanja wa Masoko. Mara iliyotangulia mgeni huyohuyo alipandishwa gari akakaa, gari likakataa, akapelekwa kwenye pikapu ya samaki na suti yake. Sasa Bosi alilileta gari mwenyewe kwa Fundi Lukasi tangu saa mbili, akasimama kwenye kivuli cha banda na fimbo yake, akasema mbele yangu: "Lukasi, leo nionyeshe anayekunywa betri yangu. Ukimwona, sawa. Usipomwona, basi mnywaji ni huyu hapa, na asishike tena usukani wangu." Fundi Lukasi aliacha mluzi. Akazima gari, akafunga milango yote, akafungua waya kwenye kichwa kimoja cha betri, kisha akaugusisha tena taratibu. Cheche. "Mnaona? Ufunguo uko mfukoni, na bado kuna mtu anakunywa." Akafungua kisanduku cha fyuzi, akawa anachomoa moja moja, kila akichomoa anagusisha. Cheche. Cheche. Ya nane alipoichomoa, akagusisha, kimya. Maandishi ya kwenye kisanduku hakuna aliyeyajua, ila pembeni palichorwa taa ndogo. "Taa," akasema, akairudisha fyuzi na kuufunga waya wa betri. "Sasa taa ipi?" Ya darini imezima. Za milangoni zimezima. Akaenda nyuma, akafungua buti, taa ya buti ikawaka. "Hii sasa ndiyo mtihani. Ukifungua inawaka, ni haki yake. Ukifunga, utajuaje inafanya nini? Lazima mtu awemo ndani." Bosi akanielekezea fimbo. "Aingie Chande. Yeye si ndiye analijua sana?"

Nikavua viatu, nikajikunja humo, magoti kidevuni, na Fundi Lukasi akafunga. Nilitegemea giza. Palikuwa na mwanga. Mwanga wa njano, mtulivu, karibu na uso wangu, umewaka ndani ya buti lililofungwa kama koroboi ya Bibi Somoe, na kwa mwanga huo nikaona yote kwa mara moja. Karibu na bawaba palikuwa na kijiti cha chuma, kifupi kuliko kidole, ambacho mfuniko ukishuka hukibonyeza na taa ikazima. Kijiti kilikuwa kimelala ubavu. Kilisukumwa na furushi, na furushi nililisukuma mimi, na ule mlio, tk, ulikuwa wake. Nikavuta zulia kidogo. Ncha nyeupe ya bafta ilikuwa imeegemea mgongo wa taa, imeungua duara la kahawia, na udi ulikuwa unapumua moto wake usoni kwangu. Nilikuwa nimelala kwenye sanda ya mtu, chini ya mfuniko, na sikuogopa. Nilitaka kucheka. Kumbe ni wewe, Bibi. Kumbe ni sisi.

Fundi Lukasi akagonga juu ya kichwa changu. "Chande! Giza au mwanga?"

Nikiitikia mwanga, kazi yangu imepona, na baada ya dakika mbili bisibisi yake itakuwa kwenye zulia lile. Bosi atalikuta furushi, uchuro wa gari zima, na Bibi Somoe ataletewa foronya nyingine. Sikuwa mtu wa kufikiri haraka, na hata pale sikufikiri. Nilishika kile kitaa kwa vidole vitupu, kikaniunguza mpaka nikauma mdomo, nikakizungusha, nikakichomoa. Giza likaja lote.

"Chande! Umekufa? Giza au mwanga?"

"Giza!" nikasema.

Buti lilipofunguliwa jua lilinipiga machoni. Bosi alikuwa anaangalia saa. Fundi Lukasi hakuangalia saa. Aliangalia pale taa ilipopaswa kuwaka na haikuwaka, akaangalia ngumi yangu iliyofumbwa, akaangalia uso wangu. Nikamwomba kwa macho, sijui aliona nini. Akafunga buti pole pole, akaenda mbele, akaufungua tena waya wa betri, akagusisha. "Cheche hakuna tena," akasema. Bosi akauliza, imekwendaje? "Imekwisha tu, mzee. Sijui." Bosi akacheka kicheko kikavu. "Mimi najua. Amefungiwa humo dakika tatu, gari limepona." Akanyoosha mkono. Nikampa ufunguo. Shati jeupe aliniachia, akasema nimeshalichafua. Akapanda mwenyewe, akageuza, yule mwanamke akasema sentensi yake kwa adabu ileile, na Bibi Harusi akaondoka kumpokea mgeni. Na hakuzima tena. Hakuzima mwezi ule wala uliofuata, na kila asubuhi alipowaka Masoko nzima ilizidi kujua kwamba mnywaji wa betri alikuwa mimi. Ushahidi gani zaidi walitaka? Hata mimi ningejihukumu.

Fundi Lukasi alinipaka dawa ya meno kwenye vidole. "Sikuulizi," akasema. "Mtu akichoma mkono wake kuficha kitu, ama ni mwizi ama ni mtoto wa watu. Kaa hapa unichajie betri, nitajua ni kipi." Ndiko nilikoanzia. Bibi Somoe alinifuata bandani siku ya tatu, kwa miguu yake, na kifurushi cha ming'oko ya kuchemsha, mizizi ile ya porini aliyojua naipenda. Alikuwa amekunja uso. Nilipomweleza la kitaa na furushi, alitaka kwenda kumwambia mwanawe kila kitu saa ileile. Nikamwambia Bibi, ukisema, hiyo sanda ya tatu utainunua na nini, ukili umeisha ukutani. Akaketi juu ya betri. Akamenya ung'oko mmoja kwa muda mrefu, hakuula.

"Kwa hiyo umelala kaburini kwangu kabla yangu," akasema.

"Nimelala, Bibi."

"Kukoje?"

Nikajua anauliza kweli, hatanii. "Kuna mwanga," nikamwambia. "Umefungiwa kabisa, na kuna mwanga."

Akaitikia kwa kichwa mara mbili tatu, kama mtu aliyeambiwa bei na kuiona inafaa. "Basi vizuri," akasema, akaanza kula.

Alikufa katikati ya masika, huko huko Masoko, asubuhi akisuka. Bosi alimlaza kwenye kiti cha nyuma cha Bibi Harusi na kumpeleka Kinjumbi kwenye mvua, gari likiwaka kwa ufunguo wa kwanza. Sisi wengine tulifuata na lori la korosho. Tulipofika, wanawake walikuwa wamekwisha kuingia kuosha, na mmoja akachungulia mlangoni akaita, "Abdu, sanda!" Hakukuwa na sanda. Katika haraka zile hakuna aliyenunua. Duka la pale lilikuwa na kanga na kaki, na wakati huo huo akaja mtu kusema daraja la kwenda Kivinje limefunikwa na maji. Bosi Abdu, mwenye bafta za jora kwa jora kwenye ghala lake Masoko, alisimama uani kanzu imemganda mwilini, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, "Basi tafuteni shuka. Shuka safi. Ulizeni kwa watu." Mzee mmoja akasema nyumbani kwake kuna pazia jipya. Nikamwona Bosi anafumba macho.

Nikamfuata. Ilikuwa mara ya kwanza kusema naye tangu siku ya fimbo. "Bosi, naomba ufunguo wa buti."

Akautoa mfukoni, akanipa. Alinifuata mpaka nyuma ya gari, akasimama nyuma yangu nikilegeza zulia. Furushi lilitoka na harufu yake yote, na nilimsikia akivuta pumzi, maana harufu ile ndiyo aliyoifukizia ubani. Akafungua fundo la kanga kwa mikono yake. Bafta nyeupe, udi, marashi, na kwenye ncha duara la kahawia ukubwa wa kifuniko cha soda. Akaligusa. Akainua macho taratibu mpaka pale penye tundu tupu la taa, akakaa analitazama, mvua inatupiga wote wawili.

"Siku ile kwa Lukasi," akasema bila kunigeukia, "uliulizwa giza au mwanga."

"Ndiyo, Bosi."

"Ilikuwa ipi?"

"Mwanga."

Mwanamke akaita tena kutoka mlangoni, maji yanapoa. Bosi akalibeba furushi juu ya mikono yote miwili, kama sinia la watu, akavua viatu kwenye tope, akaenda. Ufunguo aliuacha unaning'inia kwenye buti.

Nilirudishiwa usukani juma lililofuata, nikaukataa kwa heshima. Nilikuwa nimekwisha kuipenda kazi ya betri, na Fundi Lukasi alishajua mimi ni kipi kati ya vile viwili. Juu ya jambo lile hatukuzungumza tena na Bosi mpaka nilipohamia Mingoyo. Ndiyo maana juzi, tulipokwisha kumzika pembeni ya mama yake, nilikuwa nimesimama na mkono mfukoni, nakizungusha kile kitaa kwa vidole, sijui nimekileta kwa ajili gani. Mwanawe mkubwa akanijia. Alionekana kama mtu aliyechanganyikiwa, akanivuta kando.

"Mzee Chande, wewe ni mtu wa betri, nieleze. Sanda ya baba tumeikuta kwenye buti la gari, nyuma ya zulia. Tumeipapasa gizani. Mzee kila gari alilonunua maisha yake yote, kabla hajalipanda, anafungua buti anachomoa ile taa. Tukimuuliza, anasema Chande wa betri anajua." Akanitazama. "Ile taa inamaliza betri?"

"Inamaliza, mwanangu," nikamwambia. "Ile inamaliza sana."